Kidole cha Bi Tufaha

Tulikuwa tumeshauacha mji wa Grand Prairie na jua bado halijatoka sawasawa, Didace kwenye usukani, mimi pembeni yake na kikapu cha halua miguuni, kanzu yangu imetundikwa dirisha la nyuma kama abiria wa tatu. Nilikuwa nakwenda Houston kwenye harusi ya Nuha, binti wa Ahmada. Didace alikuwa na safari yake mwenyewe. Mdogo wake Armel anakaa huko huko, kapata mtoto, na ubatizo ulikuwa siku ile ile ya karamu ya harusi. Kwa hiyo tukaenda gari moja.

Didace ni Mrundi, jirani yangu mlango kwa mlango. Kazi yake ghalani, anaendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Kiswahili chake kakipata kambini Kigoma, na hawezi kukaa kimya barabarani. Akaniuliza huyo Ahmada ni nani kwangu hata nishone kanzu mpya kwa harusi yake. Nikamwambia si ndugu wa damu. Tumekua mtaa mmoja Unguja, Kikwajuni, yeye mdogo kwangu kwa miaka michache. Baba yake fundi cherahani, baba yangu mchukuzi bandarini. Mimi nikapanda meli za mizigo nikapotea huko duniani, yeye akasoma, akafika Marekani, na mwisho meli iliponishusha Houston nikiwa mzee sina pa kwenda, ni yeye aliyenifungulia mlango. Nilikaa kwake miaka. Nuha nilikuwa nikimpeleka shule.

"Basi huyo ni ndugu kabisa," Didace akasema. "Damu iko nini, mzee? Mtu amekuona ukiwa na kaptula imetoboka matako, huyo ni ndugu."

Nikacheka. Nilikuwa na furaha siku ile, sifichi.

Sasa lazima nieleze habari ya picha, maana bila ya picha hiyo harusi ile ingekuwa harusi tu.

Mama yangu aliniachia kitu kimoja, picha ya zamani sana, karatasi ya rangi ya chai iliyobandikwa juu ya kadi ngumu, ukubwa wa kiganja, nami niliitunza ndani ya sanduku langu la bati. Chini yake jina la mpiga picha kwa herufi za dhahabu zilizofutika nusu. Ilipigwa mjini Unguja, Malkia Victoria yu hai bado, na Mgoa mmoja aliyekuwa na chumba cha picha chenye paa la vioo. Ndani ya picha kuna mwanamke kijana amekaa kitini. Amevaa suruali ya marinda na kanzu ya hariri iliyotariziwa, shingoni mikufu, miguuni mitali, na usoni barakoa, ile ya mabibi wakubwa wa zamani, inayofunika toka kwenye paji mpaka juu ya mdomo, yameachwa matundu ya macho tu. Nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na bustani ya Ulaya. Pembeni kimeza, juu ya kimeza saa. Yeyote akiitazama atasema huyu ni bibi wa nyumba kubwa.

Siye. Yule ni bibi yangu mzaa mama, jina lake Tufaha, na alikuwa mtumwa.

Mambo yalikuwa hivi, kama mama alivyonisimulia. Mabibi wa nyumba za mawe walikuwa hawatoki mchana, na mwanamume wa kando hawaoni. Lakini mambo ya picha yalikuwa yameshaingia mjini. Mabwana wanakwenda kwa Mgoa, wanakaa kitini na jambia kiunoni, picha inapelekwa Maskati, inapelekwa Bombay, watu wakaone mambo yao. Bibi naye anataka ndugu zake kule waone kaolewa pazuri. Afanye nini? Anamvisha mjakazi wake nguo zake yeye, dhahabu zake, barakoa yake, anamtoa akakae badala yake. Zionekane nguo na dhahabu, mwenyewe asionekane. Ndivyo walivyofanya nyumba ile, na mama alisema si nyumba ile peke yake.

Bi Tufaha akapelekwa. Mgoa akamkalisha, akamtia chuma nyuma ya shingo asitikisike, akamwambia azuie pumzi. Akatulia. Mgoa akafurahi mno, akatoa picha mbili. Moja ikaenda Maskati na nyingine akampa yeye mkononi, na bibi yake hakuona tabu akamwachia.

Sasa utamjuaje kuwa ni yeye? Nguo si zake, dhahabu si yake, kiti cha Mgoa, uso umefunikwa. Lakini mkono wa kushoto umelala juu ya goti, na kidole cha mwisho kimejikunja kwa ndani kama ndoana. Mama alikuwa nacho kidole hicho. Mimi ninacho. Hakinyooki, hata ukikivuta. Baharini wenzangu walinitania nacho, kila nikishika kikombe wananiuliza leo navua samaki gani. Sikukasirika. Mimi nilijua kimetoka kwa nani.

Kwetu habari ya namna hii haisemwi. Mtu aliyetoka kwa watumwa hukaa kimya, na wanaojua hukaa kimya pia, ndiyo adabu. Mimi sikumwambia mtu katika meli yoyote wala bandari yoyote. Nilimwambia Ahmada, mezani kwake, siku moja ya Idi, kwa sababu alinionesha mema na nikaona haifai awe na mgeni nyumbani asiyemjua. Mkewe Mwatime alikuwepo, anatutilia chai. Ahmada akaishika picha kwa ncha za vidole, akakitazama kidole cha pichani kisha changu, akasema, "Makame, hii ni amana. Na maneno yako ni amana."

Mwanzo wa mwaka elfu mbili na kumi na saba nilihamia Grand Prairie. Sijui kukaa mahali pamoja, hilo watu wangu wote wananijua nalo. Kabla sijaondoka Ahmada akaniomba picha. Alisema inabanduka pembeni, ataipeleka kwa mtu anayetengeneza picha za zamani, aitoe nakala, kisha anirudishie. Nikampa. Mwezi wa nane ile mvua kubwa ikaizamisha Houston, na nyumba ya Ahmada, ile ya zamani kabla hawajahamia Pearland, maji yaliingia mpaka kiunoni. Akanipigia simu. Alikuwa analia. Akasema, "Kaka, bibi kaenda na maji."

Mimi ndiye niliyempa pole yeye. Nikamwambia mali huja na hwenda, mshukuru Mungu watoto wako salama. Nilipokata simu nikakaa kwenye ngazi, na Didace akaja kukaa na mimi bila kuuliza kitu, na hiyo kwake ni kazi ngumu.

Tukafika Houston saa ya asubuhi ya watu kufungua maduka. Nikah ilikuwa imeshafungwa Ijumaa msikitini. Hiyo Jumamosi adhuhuri ilikuwa karamu, ukumbi mkubwa wenye zulia, mataa yananing'inia kama matunda. Didace akaniteremsha mlangoni, akanitengeneza kola, akasema nimependeza, nisile sana nikamtapikia gari kesho. Akaenda zake kwa Armel.

Bwana harusi ni Zaki, daktari kwenye hospitali kubwa za mjini. Kijana mpole, sina neno naye. Watu wake ni watu wa majina, wa Unguja ya zamani waliopitia Maskati na London. Nilishasikia kwenye simu kwamba mama yake ana picha ya babu wa babu yao, amekaa kwa mpiga picha huko London kwenyewe, kilemba, jambia, mkono juu ya kitabu, na kwamba hiyo picha inakwenda nao kila harusi.

Nikaikuta pale mlangoni, imekuzwa, juu ya kiegemeo cha miguu mitatu, mzee amekaa anawatazama wageni. Na upande wa pili wa mlango, kiegemeo kama kile, fremu ya dhahabu kama ile, amekaa Bi Tufaha.

Nilimwona mkubwa, mrefu kuliko mimi, barakoa inang'aa, marinda unaweza kuyahesabu. Na nitasema nilichokifikiri, maana ndicho kinachoniuma zaidi. Nilifikiri Ahmada kaniandalia. Nilifikiri picha ilipatikana, akaficha kwa makusudi, ili siku ya furaha yake na mimi nifurahi. Nikamwombea dua palepale nimesimama. Watu wanapita na vinywaji, mimi natikisa midomo.

Kisha nikasogea nikaamkie kidole.

Kilikuwa kimenyooka. Mkono wa kushoto, juu ya goti, vidole vyote vitano vimepangwa sawa kama vya mtu mwingine. Nikavua miwani nikaifuta, nikatazama tena. Nikajiambia ni mashine, hizi mashine za siku hizi hutengeneza hata pasipotaka kutengenezwa. Lakini mkufu wa tatu ulikuwa umepinda tangu asili, na ule mashine iliuacha ulivyo.

Mtu mmoja akanishika bega akanipeleka kwenye meza. Meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na vijana wanaofanya kazi kwa Ahmada kwenye gari zake za kupeleka wagonjwa hospitali. Sikujali. Mzee akikaa karibu na jikoni hula mapema.

Baada ya pilau Ahmada akashika kipaza sauti. Suti ya kijivu, kofia ya Kizanzibari, mtu mzuri wa sura tangu utotoni. Akamshukuru Mungu, akawashukuru wakwe. Akasema ana furaha kwamba nyumba mbili za zamani zimekutana tena ng'ambo hii ya dunia. Akanyoosha mkono kule mlangoni. Akasema yule ni mama wa babu yake, bibi aliyekuwa na nyumba ya mawe yenye milango ya nakshi, ambaye jua la mchana halikumgusa. Watu wakageuza shingo. Mama wa Zaki alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ningeweza kulimeza hilo. Nasema kweli. Mtu anataka kumwoza binti yake, anatafuta fahari, nimeshaona watu wakisema uongo mkubwa kuliko huo kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini hakuishia hapo.

"Na hatukuwatupa watu wetu," Ahmada akasema. "Hata wale waliokuwa wakimtumikia bibi yetu katika nyumba ile, kizazi chao kiko nasi, tunakula nao meza moja. Mzee Makame yule pale. Simama, mzee wangu, watu wakuone."

Nikasimama.

Sijui kwa nini. Mtu akiitwa jina lake mbele ya watu husimama. Ukumbi mzima ukanipigia makofi, mama wa Zaki akaweka mkono kifuani kwa huruma, na mimi nimesimama na kijiko mkononi. Nilipokaa, kijana wa pembeni yangu akaniuliza kwa adabu kabisa kama mpaka leo bado nawapikia.

Siku ile sikupata nafasi ya kusema naye. Nyumbani kwake Pearland palijaa wageni mpaka gereji. Nikalala kwenye kochi. Asubuhi nikaamka, nikaswali, nikavaa, nikaingia jikoni. Ahmada alikuwa peke yake mezani, anakunywa chai na kaimati zilizobaki. Mwatime alikuwa anaosha masufuria. Ni muuguzi, mikono yake haitulii.

Nikakaa. Nikamwambia picha imepatikana.

"Picha gani?" akasema.

"Ahmada."

Akaweka kikombe. Akasema ndiyo, ilipatikana maji yalipokauka, ilikuwa imenasa nyuma ya kabati, na amekuwa akitaka kuniambia lakini shughuli za nyumba mpya, shughuli za harusi. Nikamuuliza na kidole je. Akasema mashine. Nikamwambia habari ya mkufu. Akachukua kaimati moja, akaigawa vipande viwili, hakula.

"Unataka nifanye nini, Makame?" akasema. Alikuwa amepunguza sauti. "Wale wamekuja na babu yao kakaa na jambia. Mimi niweke nini mlangoni? Cherahani ya baba?"

"Ungeiweka."

"Rahisi kwako. Wewe hujaozesha mtu. Maisha yako yote kupanda na kushuka, leo bandari hii kesho ile. Bibi yako kakaa ndani ya sanduku la bati miaka yote hiyo, nani kamwona? Mimi nimempa ukumbi."

"Ulimpa bibi yako ukumbi. Bibi yangu ulimsimamisha na kijiko, kwa miguu yangu mimi."

Mwatime alisugua sufuria lile lile.

Nikamwambia sitaki ukumbi na sitaki kumharibia mtu harusi. Wakwe zake wabaki na wanachokijua. Nataka jambo moja. Amwite Nuha, Nuha peke yake, amwambie jina la yule mwanamke na alikuwa nani. Basi. Nitamaliza chai yangu, Didace atakuja, nitaondoka, na hatanisikia tena kwa hilo. Niliona kama ni kitu kidogo. Nuha nilimfunga kamba za viatu.

Walikuwa kwenye fungate humo humo ndani, ghorofani, yeye na Zaki, wameikata iwe siku tatu kwa sababu daktari hana likizo. Wala hakuwa na haja ya kuitwa. Alishuka mwenyewe ngazi kutafuta chai ya mumewe, mikono imejaa hina, akanikuta pale akanibusu mkono.

"Mbona mmenuna hivyo?" akasema. "Nani kafa?"

Ahmada akanitazama. Nikasubiri. Nilimpa nafasi, Mungu shahidi wangu, nilimsubiri mpaka chai ikaacha kutoa moshi. Basi nikasema mimi. Nikamwambia Nuha yule wa kwenye fremu anaitwa Tufaha, ni mama wa mama yangu, alivishwa nguo za bibi yake akapelekwa kupigwa picha.

Nuha akacheka kwanza, alidhani namtania, maana mimi na yeye utani wetu ni wa siku nyingi. Halafu akaacha kucheka.

"Kwa hiyo ni wako, Babu? Si wetu?"

Nikamnyooshea mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo alikuwa akikishika kile kidole tukivuka barabara. Anakiita ndoana. Nikamwambia kimo pichani, kwenye ile ya asili, si ile iliyokuzwa. Akakishika tena, akakitazama, na nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa yuko njiani kuniamini. Mtu huona.

"Dadi," akasema, "ile ya asili iko wapi?"

Nilijua Ahmada atasema imepotea. Hakusema hivyo. Akainuka bila haraka, akaingia chumbani, akarudi nayo ndani ya kitambaa. Akaiweka mezani mbele ya bintiye.

Ilikuwa yenyewe. Kadi ile, herufi zile za dhahabu, kona ile iliyoliwa na mende nilipokuwa mtoto. Barakoa, mikufu, saa. Na juu ya goti, pale palipokuwa na mkono wa kushoto, hapakuwa na kitu. Karatasi imetoka, imebaki nyeupe ya kadi, mahali padogo kama ukucha wa gumba.

"Maji," Ahmada akasema. "Mafuriko yameila."

Nikaiinua nikaisogeza dirishani. Maji nayajua, nimeishi juu yake. Maji huingia kutoka ukingoni, huacha ramani, huvimbisha kadi. Ile kadi ilikuwa imenyooka kavu. Na pale peupe palikuwa na mistari midogo midogo, yote inakwenda upande mmoja, kama mtu anavyomnyoa mwenzake. Ule ulikuwa wembe.

Nikamgeukia Mwatime. Nikamwambia, "Mwatime, siku nilipoisimulia ulikuwa unatutilia chai."

Akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu juu ya masufuria ambayo yalikuwa yameshakuwa safi.

Ahmada akamshika Nuha bega. Sauti aliyotumia sijawahi kuisikia kwake, sauti ya upole kabisa.

"Babu yako ameshakuwa mtu mzima, mama. Mambo yanamchanganyikia. Mwezi uliopita alinipigia simu kuniuliza kama baba yake amerudi bandarini. Nilikuwa sitaki kukwambia wiki ya harusi yako."

Sikumpigia simu ya namna hiyo. Baba yangu alikufa mimi nina meno ya utoto, na Ahmada anajua.

Nikafungua mdomo. Lakini nikamwona Nuha. Alikuwa ameshanishika mkono kwa mikono yake miwili, kidole kimo ndani ya hina, macho yamemjaa machozi, na alipoanza kusema nami alisema polepole, neno moja moja, kwa sauti ya juu kidogo, kama wanavyosemeshwa wazee hospitali. Akaniuliza nimekunywa dawa zangu. Akaniuliza nani ananiangalia kule Grand Prairie.

Nikafunga mdomo. Kila neno ambalo ningesema pale lingekuwa neno la mzee aliyechanganyikiwa. Ahmada alikuwa ameshaninyoosha na mimi, kama kile kidole.

"Ichukue, ni yako," Ahmada akasema akinisogezea picha, na alisema mbele ya bintiye, kama unavyompa mtoto kijiko achezee. Kisha Nuha alipokwenda kunifungia halua nirudi nayo, ile ile niliyokuja nayo, tukabaki wawili, maana Mwatime hakuwa mtu wa kuhesabika pale. Ahmada hakuniangalia. Akasema, "Nilitaka kukurudishia nzima. Nikaogopa." Nikamuuliza lini aliikwangua. Akasema kabla ya mafuriko.

Kabla. Kumbe aliponililia kwenye simu alikuwa ameshamaliza.

Didace akapiga honi nje. Nikatoka na picha ndani ya kanzu. Garini kulikuwa na keki ya ubatizo, robo nzima, Armel kanitumia. Didace akaniuliza harusi ilikuwaje, nikamwambia pilau lilikuwa zuri. Tulipopita Huntsville akaniuliza tena, nikamwonesha. Akaitazama kwa jicho moja, jingine barabarani.

"Mkono wake umeenda wapi?" akasema.

Nikamweleza yote mpaka Corsicana. Akasema angependa kurudi amvunje yule mtu meno, na kwamba gari lina petroli ya kutosha. Nikamwambia aendeshe.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nne, elfu mbili na kumi na tisa. Yaliyofuata ni haya.

Ahmada alishikwa na korona mwaka uliofuata, mwezi wa saba, akafia hospitali ambayo gari zake zilikuwa zikipeleka wagonjwa. Alizikwa na watu wachache, wamesimama mbalimbali. Mimi sikwenda, ingawa barabara zilikuwa wazi na Didace alijitolea kunipeleka. Sikuwa mgonjwa.

Mwatime aliacha kazi mwaka huo huo. Anakaa na Nuha.

Nuha na Zaki wana mtoto mmoja, wa kiume, jina la babu wa upande wa Zaki. Baada ya arobaini ya baba yake Nuha alinipigia simu. Alisema mama yake amemwambia aniulize jina la yule mwanamke. Nikamwambia, Tufaha. Akasema ahsante. Alitaka kusema jingine, mtoto akalia. Hajapiga tena. Picha kubwa iko ukutani kwao, kwenye ngazi, pamoja na ya yule mzee wa London. Nimeiona kwenye simu ya mtu. Mkono ni ule ule ulionyooka.

Mama wa Zaki amerudi London.

Didace kanunua nyumba Mansfield na amehamia na watoto wake. Binti yake Jeannette, anayesoma mambo ya kompyuta, aliniambia pale peupe anaweza kupaweka mkono wowote, mtu hatajua. Nikamkatalia.

Mimi ningali Grand Prairie, lakini nimeshapata chumba kwingine na nitahama mwezi ukiisha. Picha iko kwenye sanduku la bati.